LIKIZO ISIYOMWACHA BIBI NYUMBANI

(Na Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu)

Kuna jambo ambalo, muhula ukaribiapo kwisha, huzungumzwa sana bwenini taa zikiisha kuzimwa. Nalo ni hili: likizo hii kwenu mtatembea wapi? Nimesikia majibu ya kila namna. Mmoja asema Serengeti, mwingine asema Unguja, na wa tatu asema kwao hawaendi popote kwa kuwa wako wengi mno. Ni huyu wa tatu ninayetaka kusema naye, maana sisi nyumbani tu watu kumi na mmoja, na kwa muda mrefu nami nilikuwa na jibu kama lake.

Maoni yangu nayasema mapema, ili yule ambaye kengele itamkatiza asikose kiini. Jamaa kubwa isichague mahali pa kutembea kwa kutazama sifa za mahali penyewe. Imtazame kwanza aliye mzito wa kutembea kuliko wote, kisha aliye mdogo kuliko wote, itafute mahali ambapo hao wawili wataweza kufika na kufurahi. Sisi wenye miguu tutajipatia furaha yetu hapo hapo.

Sikuzaliwa na maoni haya. Desemba 2024 Baba, ambaye ni fundi seremala, alimaliza kazi ya milango na madirisha ya nyumba moja akapata fedha kidogo, akasema twende Unguja. Hesabu za boti na malazi zilipopigwa, ikaonekana hatuwezi kwenda sote. Basi tukaenda watano: Baba, kaka yangu mkubwa, mimi, na wadogo zetu mapacha. Walibaki Bibi, Mama, dada yangu, mdogo wetu wa kike, na Mama mdogo pamoja na mtoto wake wa mgongoni. Sababu zilikuwa nyingi, na kila moja ilisikika kuwa ya haki. Bibi magoti humsumbua na ngazi haziwezi. Mama hawezi kumwacha Bibi. Mama mdogo ananyonyesha, dada atamsaidia Mama kazi, na tena nyumba haiachwi tupu. Hakuna aliyelalamika. Tukakaa siku mbili, tukaona Mji Mkongwe na Forodhani, tukapiga picha nyingi, tukarudi na karafuu na halua.

Jioni ile nilimwonyesha Bibi picha katika simu ya Baba. Alizitazama zote, moja baada ya moja, bila haraka. Kisha akaniambia, kwa ule utani wetu wa bibi na mjukuu, "Mume wangu, picha ni nzuri. Mkeo ulimwacha na nani?" Watu wakacheka sana. Nami nilicheka, lakini usiku usingizi ulinipaa, nikawahesabu tena waliobaki. Ukimtoa yule mtoto wa mgongoni, wote tuliowaacha ni wanawake, na wote tuliokwenda ni wanaume. Wala hatukuwa tumekaa kitako tukaamua iwe hivyo. Mahali tulipopachagua ndipo palipotuamulia.

Sijui kama Bibi alimwambia Baba neno lolote. Najua tu kwamba Januari Baba alichonga kibubu cha mninga, akakipigilia misumari pande zote, akakiweka juu ya kabati na kusema, "Juni tutakwenda sote, au tutabaki sote." Tokea siku ile ubishi ukaanza, nao ulikuwa mtamu kuliko hata mdahalo wa shule.

Kaka alitaka Mikumi. Sina neno baya juu ya Mikumi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1964, iko karibu na pwani kuliko zile za kaskazini, na kiingilio cha sisi wananchi ni kidogo sana ukilinganisha na anacholipa mgeni. Lakini ndani ya hifadhi mtu hatembei kwa miguu apendavyo, yabidi gari, na gari la kukodi la kutosha watu kumi na mmoja lilikipita kibubu kabla halijawasha moto. Bibi naye alikuwa na hoja yake. Yeye ni mzaliwa wa upande wa Kilosa, ambako mashamba hupakana na mapori. "Tembo?" akasema. "Nimewatazama miaka mingi bila kulipa kiingilio, nao wamekula mahindi yangu bila kulipa kitu. Hatudaiani."

Mama mdogo akaitetea Lushoto, ambako aliwahi kufanya kazi. Alitusimulia baridi ya Juni, mboga na matunda ya milimani, na jabali la Irente ambalo ukisimama juu yake waona nyika imelala chini mbali kama mkeka. Kusema kweli alikaribia kunishinda. Lakini Lushoto kutoka kwetu ni kazi ya siku nzima ndani ya basi, na kutoka Mombo kupanda mlima ni kilometa 33 hivi za kona juu ya kona, nasi nyumbani tuna watu wawili ambao hutapika hata kabla ya kufika Kibaha. Tena Irente ni ukingo wa genge. Anayewajua mapacha wetu hatawapeleka ukingoni mwa genge.

Mama yeye alisema Bagamoyo, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Kwa mtu akaaye Dar es Salaam ambaye kibubu chake ni chepesi, Bagamoyo ndiyo ningeitaja kwanza. Ni karibu, basi ni la bei nafuu, waweza kwenda asubuhi na kurudi jioni. Wakaona Kaole yenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, na mji uliokuwa makao makuu ya Wajerumani mpaka 1891. Wakaona pia mahali ambapo misafara ya pembe na ya watumwa iliishia baada ya mwendo wa miezi, jambo linalofaa kuonwa na kila mwanafunzi anayelikariri darasani. Lakini sisi twakaa Mbagala, joto na upepo wa bahari tunavyo mwaka mzima. Nami nilihisi kuwa Mama aliichagua Bagamoyo kwa sababu angeweza kurudi jioni kuwafungia kuku wake.

Wazo la Morogoro halikuwa langu, nisijisifu bure. Dada alikuwa akiosha vyombo, akasema bila kugeuka, "Treni mpya yafika Morogoro, na njiani hakuna kutapika." Kukawa kimya. Reli ya zamani, ile iliyojengwa na Wajerumani na kufika Morogoro 1907, Bibi aliijua, kwani ndiyo iliyomleta Dar es Salaam kutoka Kilosa alipokuwa mwanamwali. Hii mpya ya umeme ilianza kuchukua abiria mpaka Morogoro mwezi wa Juni 2024. Bibi bado huiita gari la moshi, ingawa moshi haina, nasi hatujapata ujasiri wa kumsahihisha.

Hesabu niliifanya mimi, na daftari ninalo. Nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 13,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa miaka minne hadi kumi na miwili hulipa nusu, na aliye chini ya miaka minne halipi. Sisi wakubwa tuko saba, basi 91,000. Mapacha na mdogo wetu wa kike ni 19,500. Mtoto wa Mama mdogo bure. Jumla 110,500 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, yaani shilingi 221,000. Baba akauliza mara mbili kama nimekosea. Ndugu msomaji, naomba uitazame hesabu hii kwa makini, kwani watu wengi huiogopa safari ya watu wengi bila kuipiga hesabu, wakadhani watoto wadogo hulipa sawa na wakubwa.

Lililobaki lilikuwa nyumba. Baba aliamini tangu zamani kwamba nyumba isiyolala mtu ni mwaliko kwa wezi, na kwa ajili ya imani hiyo kila safari ilikuwa na mlinzi wake, na mlinzi mwenyewe hakuwa Baba. Safari hii Mama akazungumza na jirani wa mlango wa pili. Kijana wake alilala sebuleni kwetu usiku tatu, na mayai yote yaliyotagwa siku hizo yakawa yao. Shida iliyotufunga miaka mingi ilimalizwa kwa mayai. Huwa nacheka nikikumbuka.

Tulikwenda Juni 2025. Safari haikufika hata saa mbili. Bibi alikaa dirishani, mikono juu ya fimbo, wala hakusema neno mpaka milima ya Uluguru ilipoonekana. Ndipo akasema, "Hawajaihamisha." Stesheni mpya iko mbali kidogo na mji, kwa hiyo atakayekwenda aweke akiba ya gari la kumfikisha mjini. Sisi hatukuliwazia jambo hilo, na bajaji nne zikatugharimu zaidi ya tulivyotazamia.

Hatukulala hotelini. Tulipanga nyumba ya vyumba vitatu yenye jiko na ua, kwa usiku tatu, na hili nalisisitiza kwa jamaa yoyote kubwa. Vyumba sita vya hoteli ni kuta sita kati yenu, na kila sahani ya chakula ina bei yake. Katika nyumba mnapika, na Morogoro kupika si shida, kwa kuwa mboga na matunda hushuka kutoka Uluguru kila asubuhi hata katika Soko la Chifu Kingalu. Lakini hapa pana kosa letu, nami nalikiri. Siku ya kwanza Mama na dada walipika tangu asubuhi hata usiku, kama vile hawakutoka Mbagala. Wao walikuwa wamebadilisha jiko tu. Bibi ndiye aliyeliona, akauliza hadharani nani hasa yuko likizoni. Siku ya pili Baba akatupa mwiko sisi wavulana. Ugali wetu ulikuwa na madonge ya kutosha kujengea ukuta, lakini uliliwa.

Mchana kila kundi lilikwenda kwa miguu yake. Kaka, dada na mimi tulipanda mpaka Morningside, kwenye nyumba ya zamani ya Wajerumani iliyo mlimani, tukauona mji wote chini yetu. Siku nyingine Baba, kaka na mapacha walipanda basi la kwenda Mikumi mjini, kwa maana barabara kuu hupita katikati ya hifadhi kwa kilometa hamsini hivi, na kando yake kuna kibao kinachotaja faini ya kila mnyama atakayegongwa. Waliona twiga, pundamilia, swala, na tembo kwa mbali. Basi halisimami kwa ajili ya picha, na asiyeketi dirishani hana lake, lakini mapacha walisimulia tembo wale mpaka tukawaomba wanyamaze.

Bibi, Mama na Mama mdogo walikaa chini ya mlima, penye mawe makubwa na kijito cha maji baridi. Siku ya tatu ilikuwa zamu yangu kukaa nao. Mdogo wetu wa kike akatia miguu majini, akauliza maji haya huenda wapi. Nikamwambia vijito vingi vya Uluguru humwaga katika Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaoinywesha sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Akafikiri kidogo, akauliza, "Basi mbona kwetu hayafiki kila siku?" Mama akasema hilo amwulize Baba. Bibi alicheka hata akashika magoti yake, kisha akavua viatu, naye akatia miguu.

Najua wako watakaosema kwamba likizo ya kweli ni kwenda kijijini kusaidia kazi. Siwapingi, kijiji kina haki yake. Lakini naomba wamwulize mama mwenye nyumba huko kijijini, anayepokea wageni kumi na mmoja kwa mkupuo, kama naye hupumzika. Wako pia watakaosema Morogoro si mahali pa kujivunia bwenini. Hilo ni kweli kabisa. Nilipotaja Morogoro nilichekwa na mwenzangu aliyekwenda mbuga za kaskazini, mpaka nilipomwuliza kwao walikwenda wangapi.

Fedha tulizotumia watu kumi na mmoja kwa usiku tatu, daftari lasema, zilikuwa pungufu ya zile za watu watano kule Unguja kwa siku mbili.

Likizo inakuja tena na kibubu kiko juu ya kabati. Safari hii kaka ataka Iringa, akaone pale Kalenga fuvu la Mtwa Mkwawa lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, nami natamani sana kuliona. Lakini Iringa haina treni, na Bibi hawezi kukaa muda mrefu bila kunyosha magoti. Nimemwandikia kaka aulize basi la Iringa husimama mara ngapi njiani, na kwa dakika ngapi. Bado hajanijibu.