Steringi ni nani, ng'ambo ya Ruvuma?



Kwenye kibanda umiza filamu ya Kifilipino haikusumbui. Askari ndiye steringi, muasi wa kikomunisti ndiye adui, basi. Nyingine inageuza, muasi anakuwa steringi. Mwanakijiji yeye kazi yake moja tu: kukimbia nyumba ikiungua.

Sasa jirani zetu wanayo filamu tofauti kabisa, "Mueda, Memória e Massacre" ya 1979. Mueda ni kwa Wamakonde wenzetu, ukivuka Ruvuma kutoka huku Newala. Tarehe 16 Juni 1960 watu walijaa mbele ya ofisi ya watawala wa Kireno. Faustino Vanomba na Kibiriti Diwane, waliotokea Tanganyika, walikwenda kudai uhuru. Wakakamatwa, umati ukapinga, askari wakafyatua risasi. Frelimo inataja waliokufa kuwa 600, ingawa wapo watafiti wanaotaja idadi ndogo zaidi.

Muongozaji Ruy Guerra, mzaliwa wa Msumbiji, hakuleta mastaa. Alirekodi watu wa Mueda wakiigiza mkasa wao wenyewe, palepale ulipotokea. Mwingine anakuwa Mreno, mwingine muandamanaji. Mwanakijiji ndiye mwenye stori.

Tunajifunza nini? Frelimo iliundwa Dar es Salaam 1962, ikaanza vita 1964, na 1977 ikajitangaza chama cha Kimarx na Kilenin. Enzi hizo Wareno waliwaita magaidi. Leo Frelimo ndiyo serikali, na yenyewe inawaita magaidi wapiganaji walioanza mashambulizi Cabo Delgado Oktoba 2017.

Kwa hiyo ni jina tu limehama? Mimi nakataa. Hawa wa sasa wamechinja wanakijiji na kuchoma vijiji. Oktoba 2020 walivuka mpaka wakaua watu Kitaya, hapa hapa Mtwara. Uhuru gani huo?

Lakini kuwaita magaidi peke yake hakutoshi. Cabo Delgado ina gesi na rubi, huku vijana wake wengi hawana kazi. Bunduki haiwezi kulijibu hilo, hata majeshi yakija kumi.

Kwa hiyo ukisikia habari za waasi na askari, usikimbilie kuuliza steringi nani. Uliza mwanakijiji amefanywa nini, na nani, na kama amepewa nafasi ya kusema mwenyewe. Hapo hudanganyiki.

Nawasilisha. Wa Masasi na Newala mnasemaje?