Theluji Haikunyesha, na Barabara Ikapotea

Kila ikifika Novemba, huku bonde la Red River, mpakani mwa North Dakota na Minnesota, maneno yale yale huanza upya. Nayasikia kwa kinyozi, nayasikia watu wakitoka kanisani, nayasikia kwenye ujumbe wa sauti unaozunguka katika simu za watu wetu: Wakongo waliopitia kambi za Tanzania, Warundi, Wakenya waliokuja kusoma wakabaki. Utabiri wa hapa ni kubahatisha. Watu wa hali ya hewa wanatutisha bure. Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja huku. Nyumba yangu iko nje ya mji, katikati ya mashamba ya ngano na viazisukari, na taa ya jirani wa karibu naiona kwa mbali tu. Maneno haya yananiuma kwa sababu anayeyaamini huwasha gari saa ambayo hakupaswa kutoka. Nitayajibu, na penye ukweli ndani yake nitakiri.

"Walisema kutakuwa na tufani, mbona haikudondoka hata chembe?"

Hili ndilo nalisikia kuliko yote, na ndilo la hatari kuliko yote. Linatokana na kudhani kwamba tufani ya theluji ni theluji nyingi inayoanguka. Sivyo. Kwa Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, ambayo ofisi yake ya huku kwetu iko Grand Forks, tufani ni upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, yaani kilomita 56, pamoja na theluji inayoanguka au inayopeperushwa, hadi mtu haoni zaidi ya robo maili, kama mita 400, na hali hiyo idumu saa 3 au zaidi. Hapo hakuna inchi hata moja ya theluji mpya inayodaiwa. Theluji ya juzi iliyolala shambani inatosha.

Na bonde hili ni kama limetengenezwa kwa ajili ya jambo hilo. Zama za barafu kuu, hapa palikuwa na ziwa kubwa ambalo wataalamu wanaliita Agassiz. Lilipotoweka likaacha sakafu iliyonyooka kama meza. Upepo ukishuka kutoka Kanada haukutani na kilima wala msitu, ila safu za miti ambayo wakulima waliipanda ili ivunje nguvu zake.

Januari moja nilikuwa natoka zamu ya usiku. Simu ilikuwa imelia onyo mara mbili. Nikachungulia dirishani: anga safi, mwezi unawaka, hakuna kinachoanguka. Nikaondoka. Kilomita kumi hivi nje ya mji niliona theluji inakatiza barabara kama nyoka wembamba wengi, wote wakienda upande mmoja, chini kabisa, usawa wa matairi. Muda si mrefu nyoka wakawa shuka. Shuka ikapanda hadi kwenye taa, kisha ikafunika kioo. Ukiinua macho unauona mwezi vizuri kabisa. Ukiyashusha huioni pua ya gari lako. Nilifungua mlango nitafute ule mstari mweupe wa pembeni, nikaona weupe mtupu, na sauti ya upepo ilikuwa kama lori linalopita bila kumalizika kupita. Nilikaa pale saa nne. Nilikuwa nawasha injini dakika kumi kila saa, na kila kabla ya kuiwasha nashuka nikiwa nimeshika mlango, nazibua bomba la moshi kwa mkono, maana likizibwa na theluji moshi hurudi ndani na kuua mtu akiwa usingizini. Asubuhi, pale niliposimama, palikuwa hapajaanguka theluji mpya hata kidogo. Mtu aliyelala nyumbani usiku ule angeamka na kusema watabiri walidanganya.

Kwa hiyo ukisoma utabiri wa huku usianzie kwenye inchi. Anzia kwenye upepo, halafu uliza kama mashambani kuna theluji laini ambayo haijashikana. Hayo mawili yakikutana, onyo ni la kweli hata kama jua linawaka.

"Mwaka 1997 walikosea, mji mzima ukazama."

Ni kweli, walikosea, na wazee wa huku hawajasahau. Majira ya baridi ya 1996 na 1997 yalileta tufani nane, na gazeti la Grand Forks Herald lilizipa majina. Ya mwisho, Hannah, ilipiga mwanzoni mwa Aprili. Theluji yote ile ilipoanza kuyeyuka, mto ukapanda. Utabiri uliorudiwa kwa majuma ulikuwa futi 49. Mji ukajenga kingo na kupanga mifuko ya mchanga kwa hesabu hiyo, na ziada kidogo juu yake. Mto ukafika futi 54.35. Watu wapatao 50,000 wakahama Grand Forks, na katikati ya mji uliojaa maji moto ukateketeza majengo 11.

Sitaki kupunguza uzito wa kosa lile. Lakini tuangalie kosa lilikuwa wapi. Futi 49 lilikuwa kadirio, nalo lilifika kwa watu kama namba tupu, bila kuambiwa kwamba huenda ikapita kwa futi kadhaa. Namba tupu watu huigeuza kuwa ukuta. Leo utabiri wa mto huu hutolewa kwa uwezekano: kuna nafasi kiasi gani maji yafike kimo hiki, kiasi gani yafike kile. Anayesema "hawana uhakika, wanatoa namba nyingi nyingi" analalamikia dawa ileile iliyopatikana kwa gharama ya mji.

Tena wakati ambao hapakuwa na utabiri wa maana tunaujua ulivyokuwa. Tarehe 11 Novemba 1940 asubuhi ilikuwa ya vuguvugu Minnesota, wawindaji wa bata wakatoka na makoti mepesi. Utabiri wa eneo hili ulikuwa unatolewa Chicago, mbali sana, na haukuwaeleza kilichokuwa kinakuja. Mchana upepo ukageuka, joto likaporomoka, theluji ikafunga njia za mtoni. Katika jimbo la Minnesota peke yake walikufa watu 49, wakiwemo wawindaji wengi. Baada ya hapo ndipo ofisi ya Minnesota ikapewa mamlaka ya kutoa utabiri wake yenyewe. Tangu kompyuta zianze kupiga hesabu za anga, utabiri umekuwa ukiongeza takriban siku moja ya uhakika kila miaka 10. Hilo ni jambo kubwa kwa mfugaji anayehitaji siku mbili kuwasogeza ng'ombe wake penye kinga.

"Walisema majira yatakuwa na joto kuliko kawaida, na leo ni nyuzi 30 chini ya sifuri."

Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Utabiri wa msimu unazungumzia wastani wa miezi mitatu. Hauijui Jumanne yako. Msimu unaweza kuwa wa vuguvugu na bado ndani yake pakawa na juma moja la kukata masikio.

Watu wetu wanapaswa kulielewa hili kuliko majirani zetu, kwa sababu chanzo chake tunakifahamu toka nyumbani. Miezi michache tu baada ya Grand Forks kuzama, mvua za El Niño zilianza Afrika Mashariki, mwishoni mwa 1997. Anayekumbuka madaraja yaliyosombwa Kenya na Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi. El Niño ile ile, maji yale yale ya Pasifiki yaliyopata joto, ililetea huku North Dakota majira ya baridi ya upole. Na La Niña, yaani maji hayo yanapopoa, ambayo ilikausha mvua za vuli za Afrika Mashariki mwaka baada ya mwaka kuanzia 2020, huku mara nyingi huelemea upande wa baridi. Bahari moja inatufikia kwetu na huku, kwa njia tofauti. Nikisikia La Niña inatajwa, nampigia mama kumuuliza habari za shamba, kisha naenda kukagua tangi la gesi ya kupashia nyumba joto.

"Baridi ya upepo ni namba ya kutishia watu, kipimajoto hakisemi hivyo."

Kipimajoto hakina damu. Mwili huzungukwa na tabaka jembamba la hewa uliyoipasha joto mwenyewe. Upepo huliondoa, mwili unalitengeneza tena, upepo unaliondoa tena. Ni kama kupuliza chai kwenye kisahani: chai haiwi baridi kuliko hewa ya chumbani, ila inafika huko haraka zaidi. Ndiyo maana gari lako halijali baridi ya upepo na wewe unapaswa kuijali. Marekani na Kanada zilitengeneza upya hesabu hiyo mwaka 2001. Hewa ikiwa nyuzi 29 chini ya sifuri za Selsiasi na upepo wa kilomita 24 kwa saa, ngozi iliyo wazi inapoteza joto kana kwamba ni nyuzi 43 chini ya sifuri, na inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hivi. Dakika 10 ni muda wa kubadilisha tairi.

Hapa kuna neno jingine ambalo naomba liachwe kabisa: kwamba ngozi yetu nyeusi ni ngumu, baridi ni ugonjwa wa wazungu. Kumbukumbu za majeshi ya Marekani na ya Uingereza zimeonyesha kinyume chake: askari weusi hupata majeraha ya baridi mara nyingi zaidi kuliko wenzao. Halafu kwenye ngozi yetu dalili haionekani upesi kama kwenye ngozi nyeupe. Tafuta sehemu iliyopauka, ya kijivu, ngumu kama nta, na iliyoacha kuuma. Ikiacha kuuma ndipo uogope. Mkague mtoto ncha za masikio na vidole, usimuulize tu kama anasikia baridi.

Na jua? Siku zenye anga safi kabisa ndizo mara nyingi za baridi kali kuliko zote, kwa kuwa usiku hakukuwa na wingu la kufunika ardhi na joto lote limepanda juu. Asubuhi za namna hiyo utaona vijua viwili vimesimama kushoto na kulia kwa jua lenyewe, mwanga unaopinda kwenye chembe za barafu zinazoelea hewani. Ni picha nzuri mno. Itazame ukiwa ndani.

"Asilimia 30, na ikanyesha. Inchi 8, tukapata 2."

La kwanza ni fupi: siku kumi za asilimia 30, tatu zinyeshe. Ikinyesha, hakuna aliyedanganya. La pili linahitaji ramani. Dhoruba kubwa za huku nyingi hutokea upande wa Colorado, na utepe wa theluji nzito ndani yake ni mwembamba. Utepe huo ukihama kilomita 60, wilaya ya jirani inazikwa na sisi tunafagia ngazi. Wapigie simu walio kusini kwako kabla hujasema hawakuwa sahihi. Wengine wakishakata tamaa hivi hukimbilia almanaka, vitabu vinavyotabiri hali ya hewa ya mwaka mzima; kile cha zamani zaidi kimekuwa kikitoka tangu 1792 na kinatumia kanuni ya siri. Utabiri ambao njia yake imefichwa hauwezi kusahihishwa na mtu, na mimi siwezi kupanga safari ya watoto wangu kwa kitu kisichosahihishika.

"Kesho anaijua Mungu."

Nami naamini hivyo. Lakini mvuvi wa ndagala wa Uvira au Kigoma hutazama milima ya ng'ambo kabla ya kusukuma mtumbwi, na akiona wingu fulani hatoki. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amemkosea Mungu.

"Kazini hawajafunga, basi barabara ni salama."

Hili nimeliacha mwisho kwa sababu linabeba njaa ndani yake, na sitamlaumu anayelisema. Mtu ana kodi ya nyumba, ana ndugu anaowatumia pesa, na msimamizi amesema zamu iko palepale. Nimefanya kazi mahali ambapo tuliambiwa tuje siku ambayo lango la barabara kuu ya I-29 lilikuwa limeshushwa. Lakini kiwanda kufunguliwa ni habari ya kiwanda. Habari ya barabara iko kwenye namba 511. Ukisikia safari haishauriwi, jua kwamba hata magari ya kukwangua theluji huenda yamerudishwa, na atakayekwama hana wa kumfuata. Onyo huwa na saa ya kuanza na saa ya kwisha. Likisema saa 12 jioni hadi saa 6 mchana kesho yake, mpigie msimamizi saa 8 mchana, wakati bado kuna nafasi ya kubadilishana zamu, na umsomee saa hizo kama zilivyoandikwa. Mimi na wenzangu wanne niliokuwa nasafiri nao kwenye gari moja tulianza kupiga simu hiyo kwa pamoja, mmoja baada ya mwingine, dakika zile zile. Mara ya tatu zamu ikasogezwa.