Kimeng'enya Kinatuambia Nini Tusichokijua?

Aliyetolewa figo yenye saratani huuliza swali moja: je, ugonjwa utarudi? Watafiti wengi wamelitafutia jibu katika kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi ya tisa, kwa kifupi CAIX, na hoja yao ina mashiko. Figo yenye afya haina kimeng'enya hiki, ilhali katika saratani ya seli angavu, inayowapata wengi zaidi kati ya wagonjwa wa saratani ya figo, hutanda kwenye utando wa karibu kila seli. Chanzo chake kinafahamika. Jeni ya VHL, iliyotambuliwa mwaka 1993, ikiharibika, seli hufanya kana kwamba imekosa oksijeni hata pale oksijeni ilipo tele, na huzalisha CAIX kwa wingi ili isizidiwe na tindikali yake yenyewe.

Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walionyesha kwamba kati ya wagonjwa ambao saratani ilikwisha kusambaa, wale ambao kimeng'enya kilionekana katika asilimia 85 ya seli au pungufu waliishi muda mfupi zaidi. Matumaini yakapanda. Mwaka 2007 watafiti wa Mayo Clinic wakalipima jambo hilohilo kwa mamia ya wagonjwa: uhusiano ulionekana mwanzoni, kisha ukatoweka mara daraja la seli na tishu iliyokufa ndani ya uvimbe vilipoingizwa kwenye hesabu. Kwangu mimi huu ndio moyo wa suala lote. Uvimbe mkali hupoteza CAIX, lakini ukali huo daktari wa patholojia amekwisha kuuona kwenye slaidi ya kawaida, kwa rangi za bei nafuu. Kiashiria kinachorudia habari iliyopo kinamgharimu mgonjwa bila kumwongezea kitu.

Wapo watakaosema kwamba matokeo yalipishana kwa sababu wagonjwa na mbinu za maabara havikufanana. Ni kweli, na pingamizi hilo ni zito. Hata hivyo, kikomo cha asilimia 85 kilichaguliwa kutokana na takwimu zilezile kilizokuja kuzieleza, na kipimo kinachobadili jibu kila kinapohamishwa maabara hakifai kumwamulia mtu tiba. Wengine watauliza kama basi CAIX itupwe. La, hasha! Kingamwili ya girentuximab, inayokishika kimeng'enya hiki, haikuwazidishia wagonjwa uhai katika jaribio la watu 864 waliokwisha kufanyiwa upasuaji. Lakini ilipobebeshwa zirkoni yenye mionzi, kama ilivyochapishwa mwaka 2024, picha zake zilitambua takriban asilimia 86 ya uvimbe wa seli angavu kabla ya kisu. Kutambua ugonjwa ni kazi moja, kutabiri mwenendo wake ni nyingine.

Kwa hiyo, mwandishi atakayetuletea makala kuhusu kiashiria kipya cha saratani ya figo tutamwomba jedwali moja kabla ya mengine yote: utabiri unaotokana na hatua ya ugonjwa, daraja na tishu iliyokufa peke yake, na kando yake utabiri uleule baada ya kiashiria hicho kuongezwa.