Kufuli na Ufunguo

Husemwa, msomaji, kwamba mtaalamu asiyeulinda uvumbuzi wake kwa hataza ni mjinga. Na wengine husema kwamba yule aulindaye ni mlafi. Maneno hayo yote mawili yanapotosha. Yapime kwa kazi ya mtu mmoja, Gregory Winter, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1951 katika mji wa Leicester.

Damu yako ina walinzi waitwao kingamwili, na kila mmoja ana adui wake amjuaye. Mwaka 1975, katika maabara ya Cambridge iliyogharimiwa na fedha za umma wa Uingereza, César Milstein wa Argentina na Georges Köhler wa Ujerumani walivumbua njia ya kuzalisha kwa wingi, kutokana na seli za panya, kingamwili za aina moja tupu. Hataza haikuchukuliwa. Haukupita muda mrefu, watu wengine huko Marekani wakapata hataza juu ya kingamwili walizozitengeneza kwa njia ile ile. Mlango ulioachwa wazi kwa ajili ya wote hufungwa na wa kwanza kufika na kufuli.

Lakini kingamwili za panya zilikuwa na ila kubwa. Mwili wa binadamu ulizitambua kuwa ni ngeni, ukazipiga vita. Winter, mtumishi wa maabara ile ile, alifanya jambo ambalo mhunzi yeyote angalilielewa: alitwaa makali tu ya kingamwili ya panya, yaani vile vipande vidogo vimshikavyo adui, akayatia katika mpini wa kingamwili ya binadamu. Habari za ufundi huo zilichapishwa mwaka 1986, na mwaka 1988 wagonjwa wawili wa saratani ya limfu walikwisha kutibiwa kwa dawa ya namna hiyo.

Safari hii hataza ilichukuliwa. Je, huo ulikuwa ulafi? Tazama ilivyotumiwa. Baraza la utafiti wa tiba, lililomwajiri Winter, halikuiuza kwa tajiri mmoja. Lilitoa idhini kwa makampuni mengi. Ufundi wa namna hiyo ndio uliozaa trastuzumab, dawa ya saratani ya matiti, ambayo mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliitia katika orodha ya dawa za lazima. Kufuli lilikuwapo, lakini funguo zilikuwa nyingi.

Sasa itazame sura ya pili. Mwaka 1989 Winter alishiriki kuanzisha kampuni mjini Cambridge. Kwa kuvitumia virusi vinavyoshambulia bakteria, yeye na wenzake waliweza kuchagua kingamwili za kibinadamu kabisa, na matunda yake yakawa adalimumab, dawa ya baridi yabisi, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2002. Dawa hiyo ikawa mali ya kampuni ya Abbott, na baadaye AbbVie. Huko Marekani ilizungushiwa boma la hataza zaidi ya 100, nyingi zikiombwa baada ya dawa yenyewe kuwa sokoni. Mwaka 2022 pekee iliuzwa duniani kwa zaidi ya dola bilioni 21.

Watetezi wa boma hilo watakuambia kwamba bila faida hapana dawa. Ni kweli kwamba majaribio hugharimu fedha nyingi, na anayezitoa anastahili kurudishiwa kwa ziada. Lakini hataza iliyoombwa baada ya dawa kuingia sokoni yawezaje kuwa ndiyo iliyoileta dawa hiyo? Na mlipa kodi aliyegharimia maabara miaka mingi, wakati hakuna mfanyabiashara aliyejua kama mna faida ndani yake, yeye ziada yake iko wapi? Ukiambiwa kwamba bei ya dawa ni amri ya maumbile, kama mvua na kiangazi, usikubali. Bei huwekwa na watu, kwa sheria zilizotungwa na watu.

Mwezi Oktoba mwaka 2018 Winter alitangazwa kuwa miongoni mwa washindi watatu wa Tuzo ya Nobel ya kemia. Mwezi huo huo dawa za kufanana na adalimumab, zenye bei nafuu, ziliingia katika masoko ya Ulaya. Mgonjwa wa Marekani, mwenye maumivu yale yale katika viungo vile vile, alizingoja hadi mwaka 2023.