Nguo ya Kuazima Haisitiri Maungo



Viongozi hujivunia kwamba Kenya huiuzia Marekani mashati na suruali. Twawauliza: pamba ya mavazi hayo ilipandwa na nani? Sheria ya AGOA, iliyotiwa sahihi Mei 2000, iliruhusu viwanda vyetu kushona vitambaa vilivyonunuliwa nchi yoyote. Kitambaa kikaja kwa meli kutoka Asia, kikashonwa Athi River, kikasafirishwa tena. Mauzo yakapanda, lakini mkulima wa pamba hakupanda nayo.

Haikuwa hivyo daima. Katika msimu wa 1984/85 wakulima wetu walitoa takriban marobota 70,000. Pamba ya Busia, Siaya, Meru, Kitui na Hola ilisokotwa na kufumwa Kisumu, Nanyuki, Eldoret na hapa jirani yetu Thika. Sisi wa Kimbo twajua ni nyumba ngapi zilizojengwa kwa mshahara wa viwanda.

Wengi hulaumu mitumba iliyofurika soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Lawama hiyo ni ya haki, ila haijatimia. Mkulima alikuwa amekwisha kuvunjwa moyo: aliikabidhi Bodi pamba yake, akangoja malipo miezi na miezi, mwishowe akapanda mahindi. Waraka wa Yakobo wawaonya wanaozuia ujira wa waliovuna, na onyo hilo halikusikizwa. Soko lilipofunguliwa, viwanda vilikuwa dhaifu tayari. Rivatex ya Eldoret ilifunga milango mwaka 2000, hata Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka 2007.

Sheria ya 1990 ya maeneo ya kuzalisha bidhaa za kuuzwa nje ilivisamehe viwanda kodi ya mapato kwa miaka 10, bila kuvifunga vinunue pamba ya Kenya. Tukatoa msamaha bila sharti. Kisha Septemba 2025 muda wa AGOA ukafika kikomo, na maelfu ya washonaji wakabaki kungojea uamuzi wa Bunge la nchi nyingine.

Tunadai mambo matatu. Mkulima alipwe siku akabidhipo pamba. Sare zinunuliwazo kwa fedha za umma zishonwe kwa kitambaa kilichofumwa nchini. Na kila msamaha wa kodi uambatane na sharti la kununua nyuzi za Kenya.

Waheshimiwa wajapo kuomba kura, iwe barazani au uani mwa kanisa, waulizwe haya hadharani, na majibu yao yaandikwe.