Mfuko Mwingine wa Nini?

Tangu Agosti 28, 2017, juala ni noma Kenya: faini hadi milioni 4 ama jela hadi miaka 4. Poa. Lakini wasee, tuongee kuhusu ile mifuko tunauziwa kwa kaunta ya supa. Mingi inakaa kama kitambaa, kumbe ni polipropilini, plastiki tu. Inasaidia ukiitumia tena na tena mpaka ichoke. Sisi tunanunua mpya kila tukiendea mkate na maziwa, halafu za zamani zinajaza droo ya jikoni. Na usiniambie ulisahau, mbona simu hukusahau? Kiondo cha shosho kimebeba sukuma miaka mingapi? Kunja mfuko mmoja, weka kwa begi leo. Wakikuuliza kama unataka mwingine, sema zii.