Utani una wenyewe

Ukimkanya kijana wa leo kwa kichekesho alichokisambaza katika kundi la WhatsApp, aghalabu atakupa jibu moja: "Ni utani tu." Hulitoa jibu hilo kwa moyo mweupe kabisa. Hata hivyo yatupasa kulipima, maana utani ni neno zito katika nchi yetu.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ni kuwanyang'anya vijana simu. Mimi si mmoja wao. Kijana mwenye kipato kidogo akitafuta burudani anayoimudu, huipata humo: kwa bando dogo hucheka vichekesho vilivyotungwa na vijana wenziwe, kwa Kiswahili, juu ya kodi ya nyumba, shida ya daladala na visa vya mapenzi. Hilo si ovu. Wazazi wetu nao walikaa kando ya redio wakawasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania Dar es Salaam, wala kicheko kile hakikuliangusha taifa.

Tofauti iko mahali pengine. Pwagu na Pwaguzi walikuwa waigizaji, watu waliojitolea wenyewe kuchekwa. Katika simu, kazi za waigizaji zimechanganyika na video za watu ambao hawakuigiza chochote: mlevi aliyeanguka mtaroni, mfiwa aliyezimia, mama aliyegombana na jirani yake. Kijana huvipokea vyote pamoja na kuvihesabu vyote kuwa burudani. Uso wa mtu hukatwa ukafanywa stika, na baada ya mwezi mmoja hakuna ajuaye kama mwenye uso huo yu hai au ni marehemu.

Je, huo ndio utani? Wanyamwezi na Wazaramo, waliotaniana tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, walijuana. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya 19, kisha uadui ule ukageuka kuwa utani. Mtani alikuwa na ruhusa ya kusema lisilosemeka, lakini pia alikuwa na wajibu: siku ya msiba ndiye aliyekuja kusaidia mazishi na kuwaliwaza wafiwa. Hata mashabiki wa Simba na Yanga, watani wa jadi, hupokezana zamu. Anayecheka leo anajua kwamba kesho atachekwa yeye. Utani, basi, ni deni la pande mbili. Lakini anayechekwa na maelfu ya watu asiowajua hana pa kujibu. Huyo hana watani, ana watazamaji.

Ndugu msomaji, tuchukue mfano wa mwanafunzi wa kidato cha kwanza, aliyetoka shule ya msingi iliyomfundisha kwa Kiswahili. Anasimamishwa mbele ya darasa ajieleze kwa Kiingereza. Maneno yanamkwama. Mtu anainua simu, na katika shule ambayo wanafunzi hawaruhusiwi kuwa na simu, mtu huyo ni mtu mzima. Jioni video imekwisha kufika maofisini na kwa jamaa walioko mikoani, ikiwa na maneno yale tuliyoyazoea: "Imetumwa kama ilivyopokelewa." Kesho yake mtoto yule anatakiwa anyooshe kidole na kuuliza swali. Atathubutu? Na wenziwe wamejifunza nini, kama si kwamba anayejaribu huchekwa?

Sheria tunazo. Ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Wenye WhatsApp nao waliweka kikomo duniani kote mwaka 2019, ujumbe usisambazwe kwa zaidi ya makundi au watu 5 kwa mara moja. Na mwaka 2020 ule uliokwisha kupita katika mikono mingi ukawekewa kikomo cha mmoja mmoja. Lakini sheria hufika baada ya kosa, na kikomo cha mashine hupunguza mwendo tu. Hakimfundishi mtu kuona haya.

Kazi hiyo ni ya walezi, na walezi ni sisi. Mwalimu anaweza kulileta jambo hili darasani na kuwauliza vijana: Huyu ni nani? Alikubali kuonyeshwa? Angekuwa dada yako, ungecheka? Lakini hataaminiwa iwapo vijana wanajua kwamba yeye mwenyewe, pamoja na watumishi wenziwe, hupokezana video zile zile wakati wa chai. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Tusiwaambie vijana waache kucheka. Tuwaambie wamjue wanayemcheka, nasi tuwe wa kwanza kuifuta video ya mtoto yule.